Sauti ya muvi kati ya feni na mtoto aliyelala

Joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua, usiku bila feni hulali. Sasa kwetu sebule na chumba vimetenganishwa na pazia tu, na mtoto ana miezi 7, akishalala ile saa 2 ndo mimi na mke wangu tunapata muda wa kukaa tukaangalia muvi kwenye laptop. Na kila siku ilikuwa ni hivi: waigizaji wananong'ona, feni inawafunika, naongeza sauti mpaka mwisho, tunaanza kushika stori, mara mlango unapigwa teke na risasi zinalia, mtoto kaamka, muvi imeishia hapo.

Nilidhani ni spika za laptop mbovu nikaenda kununua spika ndogo za USB. Mambo yakazidi, maana sasa risasi zinasikika mpaka kwa jirani na wanaonong'ona bado wananong'ona. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba shida yangu sio sauti kuwa ndogo, shida ni umbali uliopo kati ya sauti ndogo na sauti kubwa, na ukiongeza volyumu zote mbili zinapanda pamoja, umbali unabaki ule ule.

Na umbali huo umewekwa makusudi. Muvi inachanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi wa sinema, na kule spika zinapangwa kwa kipimo ambacho kila moja inaweza kufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 kwenye kilele chake, halafu watu wamekaa kimya gizani, hamna feni, hamna bodaboda dirishani. Mnong'ono ukipita kule unasikika vizuri kabisa. Kingine ambacho wengi hawakijui, muvi yenye sauti ya 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi, maneno ya waigizaji karibu yote yanakaa kwenye spika ya katikati, na laptop haina spika ya katikati, ina kushoto na kulia basi. Kwa hiyo kompyuta inachukua yale maneno inayapunguza kidogo inayagawa pande zote mbili, na huko huko yanakuta muziki na milipuko imeshajaa. Ndo maana sinema ile ile uliyoisikia vizuri kwenye ukumbi ukija nyumbani unatafuta sabutaitoli.

Mi siku hizi nakifikiria chumba changu kama kina sakafu na dari ya sauti. Sakafu ni feni, chochote kilicho chini yake hakisikiki. Dari ni mtoto, chochote kikipita hapo tumekwisha. Katikati hapo nafasi yenyewe ni ndogo sana, na muvi inatakiwa iingie yote humo ndani. Kazi ya kuibana iingie ndo inafanywa na kompresa, na sisemi zile kompresa za kujaza upepo wala za friji, nasema programu ya sauti.

Inavyofanya kazi ni kama mtu kakaa na mkono kwenye batani ya sauti, sauti ikivuka mstari fulani anaipunguza, ikishuka anaiachia, ila yeye ana kasi ambayo mimi na wewe hatuna. Chukua hesabu hii. Tuseme mstari, wenyewe wanaita Threshold, umeuweka kwenye -20 (kwenye kompyuta 0 ndo sauti ya juu kabisa, zote zilizo chini yake zina alama ya kutoa), na Ratio, yaani ile namba ya kugawia, umeweka 4. Risasi inakuja kwenye -8, yaani imevuka mstari kwa desibeli 12, kompresa inaigawa hiyo 12 kwa 4 inabaki 3, kwa hiyo risasi inatoka kwenye -17. Mnong'ono uko -40 haujafika mstarini, hauguswi. Halafu unaongeza zote desibeli 9 kwenye kile kinachoitwa Makeup gain: risasi inarudi -8 pale pale ilipokuwa mwanzo, ila mnong'ono sasa umepanda mpaka -31. Ulikuwa na umbali wa 32, sasa una 23. Desibeli 10 sikio linaisikia kama sauti imeongezeka mara mbili hivi, kwa hiyo hiyo 9 sio kitu kidogo jamani, ndo tofauti ya kusikia na kutosikia. Baada ya hapo unashusha volyumu yenyewe mpaka risasi isiguse dari, na maneno bado yapo juu ya feni.

Pa kuanzia kwa mtu yeyote ni VLC, ile programu ya kuchezea muvi, kwa sababu wengi mnayo tayari na ni ya bure. Fungua muvi, bonyeza Ctrl na E, nenda kwenye Audio Effects utaona tabu imeandikwa Compressor, weka tiki ya kuiwasha. Ukiikuta ilivyo ina Threshold -11 na Makeup gain 7, ambayo kwa chumba chenye feni haitoshi. Mimi nimeshusha Threshold mpaka kwenye -24 hivi, Ratio nimeiacha 4, Makeup gain nimeweka 10. Ukiizidisha sana hiyo ya mwisho sauti inaanza kupasuka, ukisikia inakwaruza rudisha nyuma kidogo, na usipandishe tena volyumu ya VLC kupita 100 juu yake.

Attack na Release ndo zilinichukua wiki nzima kuzielewa. Attack ni muda anaotumia yule mtu wa batani kushtuka, Release ni muda anaotumia kuachia. Release ikiwa fupi sana utasikia kitu cha ajabu, kila mlio mkubwa ukiisha yale makelele ya nyuma, upepo, mvua, magari, yanapanda ghafla halafu yanashuka tena mlio mwingine ukija, kama vile muvi inapumua. Inachosha masikio kuliko hata ile shida ya mwanzo. Niliipeleka Release kwenye milisekunde 300 ikatulia. Attack nimeiacha 25, ukiifanya ndefu sana risasi ya kwanza inapita kabla hajashtuka, na mtoto risasi moja inamtosha.

Sasa VLC inajibana yenyewe tu, ukienda kuangalia kitu kwenye brauza haikusaidii. Kwenye Windows jaribu kwanza hii: mipangilio ya sauti, Playback, chagua spika zako, Properties, halafu tabu ya Enhancements, humo kuna Loudness Equalization, weka tiki. Haina cha kurekebisha zaidi ya muda lakini inabana sauti yote ya mashine. Laptop zingine hiyo tabu haipo, inategemea draiva (programu inayoendesha kadi ya sauti), na kumbuka ni ya kila kifaa peke yake, ukichomeka TV kwa HDMI unatakiwa ukaiwashe tena upande wa TV. Kama huna kabisa ipo Equalizer APO, nayo ya bure, unaisakinisha unawasha upya mashine halafu unaiwekea kompresa ndani yake kama plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, mimi natumia inayoitwa ReaComp. Ndugu yangu anatumia Linux, yeye ana EasyEffects, na kwa kweli kwa uzuri wa kuona sauti inavyobanwa hiyo imezishinda zote.

Kwa muziki naizima. Nyimbo nyingi za siku hizi zimeshabanwa studio mpaka basi, ukibana tena ngoma inakosa mdundo, inakuwa kama imefunikwa blanketi. Na taarab ya zamani ndo usiiguse kabisa, pale fidla zinapoingia taratibu halafu mwimbaji anapanda, huko kupanda ndo utamu wenyewe, ukisawazisha umeua. Kama shida yako ni wimbo mmoja uko juu mwingine uko chini hiyo dawa yake ni ReplayGain, inapima wimbo mzima na kuupandisha au kuushusha wote kwa pamoja, ndani haigusi kitu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni baba. Baba ana flashi ya mawaidha, karibu 60, yamerekodiwa msikitini miaka na miaka kwa simu iliyowekwa mbele karibu na sheikh. Sheikh anaanza polepole, akipamba moto sauti inajaa, halafu mwisho watu wanauliza maswali kutoka nyuma, na hayo maswali baba alikuwa hayasikii kabisa, anasikia jibu tu. Masikio yake sio ya zamani tena. Kompresa ya kawaida haikufaa sana maana swali liko mbali mno chini, nikatumia ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha sauti na video, na kichujio chake kinaitwa dynaudnorm, hicho hakiangalii mlio mmoja mmoja, kinakata sauti vipande vya nusu sekunde na kila kipande kinakilinganisha na vya kabla na vya baada, kwa hiyo kinapanda na kushuka taratibu bila kupumua. Kwa kawaida kinaruhusiwa kukuza mpaka mara 10, mimi nikaweka 5, kwa sababu kwenye 10 pale sheikh anaponyamaza feni za msikiti zilikuwa zinavuma kama lori.

Nikampelekea la kwanza Ijumaa baada ya chakula. Alipofika kwenye maswali akasimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kumbe muulizaji mmoja ni rafiki yake, marehemu sasa, na baba miaka yote hiyo hakujua kwamba sauti yake imo mle. Akanipa flashi yote. Nimeshafika la 23.