Nyumbani kwa Chamberlain, Birmingham

Basi namba 50 lilitushusha Moseley, mimi na binamu yangu anayeishi Birmingham, tukaenda kwa miguu hadi jumba la Highbury. Nilikuwa nimemwambia mapema: mzaliwa wa Eldoret hafiki mji huu akaondoka bila kuiona nyumba ya Joseph Chamberlain, mwanasiasa wa Uingereza wa zamani.

Ni jumba la matofali mekundu la enzi za Malkia Victoria, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1870. Msanifu wake, John Henry Chamberlain, hakuwa ndugu wa mwenye nyumba, ni majina tu yalifanana. Pesa zilitoka kwenye skrubu. Joseph aliingia mjini akiwa na miaka 18 kufanya kazi katika kiwanda cha skrubu, akatajirika, kisha akawa meya kuanzia 1873 hadi 1876. Katika muda huo gesi na maji vilitolewa mikononi mwa kampuni binafsi vikawa mali ya mji. Kwa sisi tuliowahi kununua maji kwa mtungi, hiyo si kazi ndogo, na namheshimu kwayo.

Ndani, ukumbi wa kati ndio uliotushika. Unapanda hadi ghorofa ya juu, na roshani inauzunguka. Nilisogelea urembo wa mbao ukutani: vipande vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali vimekatwa na kupachikwa hadi yakatokea majani na maua. Mwongozaji aliniruhusu nipitishe kidole, nacho hakikukwama popote pale. Nje palikuwa na nyumba za vioo za okidi, ua ambalo Chamberlain alizoea kulichomeka kwenye koti. Sasa hazipo.

Lakini mimi nilifuata jambo jingine. Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, Chamberlain alipita Mombasa na kupanda treni ya Reli ya Uganda. Mwaka uliofuata, serikali ya Uingereza ikamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao, kwamba Wayahudi wangeweza kupewa ardhi Afrika Mashariki. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, kwetu. Vitabu vinauita Mpango wa Uganda, ingawa leo ni Kenya. Mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Wanandi waliokuwa wakilisha ng'ombe huko hakuna aliyewauliza, na Oktoba mwaka huohuo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa na Waingereza.

Nilimfungulia mwongozaji ramani kwenye simu nikamwonyesha Eldoret. Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi, kuhusu malisho, kuhusu Koitalel, kuhusu reli. Nikamwomba kwamba wanapomsimulia meya wa maji na gesi, wamsimulie pia waziri aliyetaka kugawa nchi ya watu bila wao kujua. Akasema ataanza na kundi la saa nane.