Siku utando ulipogeuka mweupe

Niliuyeyusha utando ule mwenyewe katikati ya sahani mbili za chuma, kisha nikautumbukiza kwenye maji ya barafu kabla minyororo ya molekuli zake haijapata nafasi ya kujipanga. Ulitoka angavu kabisa. Ukiuweka juu ya daftari, unasoma maandishi yaliyo chini yake.

Ulikuwa wa polilaktidi, plastiki inayotokana na sukari iliyochachushwa na inayoweza kuozeshwa ikarudi kuwa maji na kabonidioksidi. Nilitaka kujua kama inafaa kuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kwenye vifaa vya umeme ambavyo vikishamaliza kazi vinaoza. Niliipenda kazi ile kuliko yoyote niliyowahi kupewa maabara.

Nilipaka rangi ya fedha pande zote mbili iwe elektrodi za kuingizia umeme, utando ukawa kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji, nikauweka kwenye tanuri la kupimia. Umeme uligeuka mwelekeo mara 1,000 kwa sekunde huku joto likipanda polepole kutoka nyuzi 30 za Selsiasi.

Kila kipande cha mnyororo wa polilaktidi kina oksijeni iliyoungana na kaboni kwa kifungo maradufu. Oksijeni huvuta elektroni upande wake, kwa hiyo pale pana ncha hasi kidogo na ncha chanya kidogo. Ukiweka umeme, ncha hizo zinataka kugeuka ziufuate, lakini zimefungwa kwenye mnyororo, na chini ya nyuzi 60 hivi mnyororo umekaza kama kioo. Panatikisika vipande vifupi tu. Ukivuka hapo, sehemu ndefu za mnyororo zinaanza kujipinda kwa pamoja, na uwezo wa utando kuhifadhi chaji unapanda. Pia kuna nishati inayopotea kuwa joto. Hiyo hufika kilele pale mwendo wa minyororo unapokaribiana na kasi ya umeme wenyewe. Umeme ukigeuka haraka mno, minyororo inaachwa nyuma. Ukigeuka taratibu, inaufuata bila taabu.

Kilele changu kilitokea karibu na nyuzi 70, kizuri, kirefu. Nilikitazama kikichoreka nukta kwa nukta.

Halafu, joto lilipokaribia 100, mstari wa uwezo wa kuhifadhi chaji ukaanza kuporomoka. Moyo ulinishuka. Nilisimamisha kipimo, nikamwita mwalimu wangu.

"Mwalimu, elektrodi imebanduka tena."

Hakugusa waya hata mmoja. Alisema tu, "Utoe, tuuone."

Niliufungua kwa koleo ndogo. Rangi ya fedha ilikuwa imeshika vizuri, hata ukucha haukuibandua. Lakini ukingoni, pale ambapo sikupaka kitu, utando ulikuwa mweupe kama maziwa. Niliuweka juu ya daftari lilelile, maandishi hayakuonekana.

"Minyororo imefanya nini?" akaniuliza.

Nilikaa kimya kwa muda, kisha nikaelewa. Ilipopata joto la kutosha kusogea, ilitumia uhuru huo kujipanga kwa safu nadhifu zilizobanana, yaani fuwele, na mnyororo ukishaingia kwenye fuwele hauwezi tena kugeuza ncha zake. Kilichoshuka kilikuwa idadi ya vipande vilivyobaki huru, nami nilikuwa nikilaumu rangi.

Tuliupoza utando, tukaurudisha tanurini, tukapima upya tangu nyuzi 30. Kilele kilirudi, ila kifupi na kipana zaidi, kikiwa kimesogea kuelekea joto la juu. Minyororo iliyobaki nje ya fuwele nayo ilikuwa imebanwa, maana mingi ilishikwa miisho yake na fuwele jirani. Safari hii tulipofika 100 mstari haukuporomoka, kwa kuwa kilichokuwa tayari kujipanga kilishajipanga.

Jioni ile nilifungua kurasa za nyuma za daftari. Vipimo vitatu nilikuwa nimevikata kwa wino mwekundu na kuandika "elektrodi mbovu". Namba zake bado zilikuwamo kwenye kompyuta, nikazichora pamoja. Zote tatu zilishuka kwenye joto karibu lilelile. Rangi haibanduki mara tatu kwa miadi, na hilo nilipaswa kuliona tangu mara ya pili. Iliniuma, kwa sababu utando ulikuwa ukinieleza jambo moja lilelile kwa majuma mawili nami nikilikata.

Nilichukua kalamu, nikaandika pembeni ya kila kipimo: fuwele.