Mlipuko wa Jua Si Ahadi ya Aurora

Kila jua linapolipuka kwa nguvu, jamaa na marafiki huniuliza kama safari hii aurora, yaani ule mwanga wa rangi unaoonekana angani usiku karibu na ncha za Dunia, itaonekana hapa Dar es Salaam. Huwajibu kuwa haitaonekana, na kwamba hata ndugu yao aliyeko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, asikeshe nje kwa sababu tu umetangazwa mlipuko wa daraja la X, ambalo ndilo la juu kabisa.

Mlipuko wenyewe ni mmweko wa mwanga na eksirei, nao hutufikia kwa dakika 8 hivi. Eksirei hizo huongeza elektroni katika tabaka la chini la ionosfea (sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme) upande wa Dunia wenye mchana, na tabaka hilo huanza kuyameza mawimbi mafupi ya redio ambayo kwa kawaida huakisiwa kurudi chini. Athari hiyo huwa kali zaidi pale jua lilipo utosini, kwa hiyo sisi wa karibu na ikweta si watazamaji tu, nasi huathirika. Kinacholeta aurora kubwa, hata hivyo, ni wingu la plazima (gesi yenye chembe za umeme) lenye uzito unaoweza kufikia mabilioni ya tani, ambalo mara nyingi, ingawa si kila mara, hurushwa pamoja na mlipuko, na ambalo likielekea kwetu huchukua kati ya saa 15 na siku kadhaa kufika.

Likifika, jambo la kuamua ni sumaku linayoibeba. Uga wake, yaani nguvu ya sumaku inayolizunguka, ukielekea kusini, huungana na uga wa Dunia na kuruhusu nishati iingie. Ukielekea kaskazini, sehemu kubwa ya nguvu hizo hupita pembeni. Mwelekeo huo haujulikani kwa uhakika hadi wingu livipite vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani upande wa jua, na hapo hubaki chini ya saa moja. Ndiyo maana siuamini utabiri wa siku tatu unaotolewa kwa mbwembwe.

Mei 2024 mambo yote yalikutana. Kundi la madoa ya jua lililopewa namba 3664, ambalo upana wake ulikuwa takriban mara 15 ya kipenyo cha Dunia, lilirusha mawingu kadhaa yaliyofuatana, na tarehe 10 dhoruba ya sumaku ikafikia G5, kiwango cha juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Aurora ilipigwa picha hadi Meksiko, Florida na Afrika Kusini. Huko Marekani, wakulima waliokuwa katikati ya msimu wa kupanda walisimamisha matrekta yao kwa sababu GPS ilipoteza usahihi, na New Zealand ilizima baadhi ya njia zake za umeme kwa tahadhari. Tahadhari hiyo haikuwa woga: Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliangusha gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, na kuwaacha watu milioni 6 gizani kwa saa 9.

Kwetu ikweta ya sumaku inapita karibu, huko Ethiopia, na mistari ya uga imelala, haisimami wima kama kwenye ncha, hivyo elektroni zinazoifuata kuelekea maeneo ya ncha hazishuki juu ya vichwa vyetu. Tunachopata ni mapovu ya ionosfea, yaani sehemu zenye elektroni chache, baada ya magharibi, yanayoyumbisha mawimbi ya GPS. Wapima ardhi wana sababu ya kuyajua.

Anayetaka kuiona aurora kwa macho yake, ushauri wangu ni kuweka akiba ya nauli ya kwenda Tromsø, Norwe, kati ya mwishoni mwa Septemba na Machi, kwa kuwa huko haihitaji dhoruba kubwa, inahitaji anga lisilo na mawingu na giza tu. Asiende Mei. Usiku ule wa dhoruba kubwa ya 2024, wakati Wameksiko wakipiga picha, anga la Tromsø halikuwa na giza la kutosha, kwa kuwa majira ya jua la usiku wa manane, ambapo jua halizami, yalikuwa yamekaribia.