Nani Aliwapa Ruhusa?

Mwaka 2002 nilikuwa utingo wa lori la mboga, Kitale hadi Lodwar, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mwishoni mwa Machi tulifika laga moja, mto wa msimu, kabla ya Lokichar tukakuta maji. Angani hakuna hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha huko mbali milimani, na laga tuliyoivuka kwa vumbi wiki iliyotangulia sasa ilikuwa inabeba magogo. Hapo hakuna ujanja. Unazima injini, unangoja.

Shida ilikuwa nyanya. Kufikia saa nne turubai lilikuwa linachoma mkono, na kreti za chini zimeanza kuchuruzika maji mekundu. Ukingoni palikuwa na mgunga mkubwa, kichwa bapa kama mwavuli, kivuli chake kinatosha malori mawili. Ila matawi ya pembeni yalishuka mno, lori halipiti. Dereva akanitazama. Nikachukua panga.

Asiyewahi kukata mgunga aniulize mimi. Kitawi kimoja kina miiba ya aina mbili: mirefu myeupe, imenyooka kama sindano ya kushonea magunia, na mifupi ya kahawia iliyopinda kama ndoana. Ile mirefu unaiona, unaikwepa. Ukirudi nyuma, ile mifupi inakudaka shati, na ukijivuta ndiyo kwanza inazama. Matawi matatu yalinichukua karibu saa nzima. La tatu lilipoanguka lilinidunga chini ya kidole gumba, mwiba ukakatikia ndani. Lori likaingia kivulini, kivuli ambacho, nikikumbuka sasa, nilikuwa nimekipunguza kwa mkono wangu mwenyewe.

Robo saa haikuisha. Alitokea mama mmoja na mbuzi wake, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni. Hakupiga kelele. Aliyatazama matawi, akatutazama sisi, akamtuma mtoto. Mtoto akarudi na mzee aliyeshika fimbo na kigoda chake, nyuma yao kijana aliyevaa kaptula ya shule. Mzee akaketi, akasema maneno machache.

"Anauliza nani aliwapa ruhusa," kijana akatafsiri.

"Ruhusa ya nini? Si mti wa porini tu huu?" dereva akajibu.

Hilo kijana hakulitafsiri. Alicheka kwanza, kisha akatufundisha yeye mwenyewe. Mti huu kwao Waturkana ni ewoi. Kipande kile cha ukingo, na migunga yake yote, ni ekwar, yaani milki, ya familia ya mzee. Alikirithi kwa baba yake. Nyasi zikiisha, mbuzi wanaponea maganda yake, ngitit, yale yaliyojisokota kama pete, ambayo mimi nilikuwa nimeyakanyaga asubuhi nzima. Yule mama huyatikisa kwa ufito mrefu, ya leo leo, ya kesho kesho. Mzee alitaja siku ambazo matawi matatu yangewalisha mbuzi. Kijana akahesabu kwa vidole, na mimi nikaangalia chini.

Alisema pia kwamba mti ule unakunywa maji ya chini sana. Nilidhani ni kusifia mali tu. Miaka baadaye nikasoma habari za mgunga wa Ténéré, kule Niger: kisima kilipochimbwa kando yake mwishoni mwa miaka ya 1930, mizizi ilikutwa zaidi ya mita 30 ardhini. Ulisimama peke yake jangwani hadi mwaka 1973, dereva wa lori akaugonga, ukaanguka. Jangwa lote lile, mti mmoja, na bado akaupata! Nilimkumbuka dereva wangu.

Mzee alitaka mbuzi. Tungemtoa wapi? Dereva akatoa noti, mzee hakunyoosha hata mkono. Tulibishana mpaka jua likageuka: kreti mbili za nyanya, gunia la kabichi, tumbaku yote ya dereva na sukari yetu ya chai. Wakati huo mbuzi walikuwa wameshamaliza majani na maganda, na mama akaanza kuburuta matawi, sasa miiba mitupu, kwenda kuziba pengo la zizi.

Akaniona ninapunga mkono. Akaushika bila kuniuliza, akavunja mwiba mrefu mweupe kwenye tawi nililolikata, akachokoa nao ule uliokuwa ndani.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," dereva akasema.

Hilo kijana alilitafsiri. Mama alicheka mpaka shanga zikagongana, lakini mkono wangu hakuuachia hadi mwiba ulipotoka.

Maji yalipungua jioni, tukavuka. Tuliporudi Kitale, tajiri alihesabu kreti, akatusikiliza hadi mwisho.

"Mti wa jangwani una mwenyewe?" akauliza, na zile kreti mbili akazikata kwenye mshahara wangu.