Nilivyoielewa futiboli ya Kimarekani nikiwa nimeshika mnyororo

Kwa misimu miwili nilikaa jukwaani katika uwanja wa shule ya sekondari anakosoma mwanangu, katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, nikipiga makofi wenzangu walipopiga na kunyamaza waliponyamaza, bila kujua hasa kilichotokea. Mimi nimekulia Morogoro, na mpira ninaoufahamu ni ule usiosimama mpaka utoke nje au mtu achezewe rafu. Huu wa Marekani niliuona kama kikao kirefu kinachokatizwa mara kwa mara na vijana wenye kofia ngumu wanaoangushana kwa sekunde chache, kisha wanarudi kwenye kikao chao. Mwanangu, ambaye hucheza kwenye mstari wa mbele wa ushambuliaji, alijaribu kunieleza, lakini alianzia kwenye mbinu za kotabeki, yule anayeongoza ushambuliaji na kurusha pasi, za kuwasoma walinzi, na hiyo ni sawa na kumfundisha bao mtu asiyejua hata kete huwekwa wapi.

Msimu wa tatu shule ilitafuta wazazi wa kujitolea kushika mnyororo. Nilikubali kwa sababu tuliambiwa kwamba kazi hiyo haihitaji ujuzi, na pia kwa sababu mshika mnyororo husimama ukingoni mwa uwanja, karibu kabisa na wachezaji. Huko ndiko nilikoupata ufunguo wa mchezo mzima.

Mnyororo wenyewe una urefu wa yadi 10 kamili, yaani mita 9 na ushei, na umefungwa kwenye fimbo mbili, kila fimbo na mtu wake. Mtu wa tatu hushika fimbo yenye kibao kinachoonyesha namba 1 hadi 4, na wa nne hubeba kibanio kidogo, ambacho matumizi yake nitayaeleza baadaye. Mimi nilipewa fimbo ya mbele. Mzee wa kibanio, ambaye alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu watoto wake mwenyewe wakiwa shuleni, alinieleza kwamba timu yenye mpira ina majaribio manne ya kuufikisha mpira usawa wa fimbo yangu. Ikifika, inapewa majaribio mengine manne na sisi tunahama kwenda mbele. Isipofika, mpira wanapewa wapinzani pale pale ulipoishia. Jaribio moja huitwa dauni. Kwa hiyo mtangazaji anaposema «dauni ya tatu, yadi saba», maana yake ni kwamba majaribio mawili yamekwisha, hili ni la tatu, na zimebaki yadi saba kuifikia fimbo.

Niliposikia hivyo nilielewa kwamba huu ni mchezo wa kugombea ardhi, na kwamba mabao ni matokeo ya ardhi iliyopatikana. Uwanja una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mstari wa goli, na nyuma ya kila mstari kuna eneo la yadi 10. Mchezaji akiingia na mpira katika eneo la wapinzani, au akaudakia humo, hiyo ni tachidauni, nayo ina pointi 6. Baada ya hapo timu hupewa nafasi ya nyongeza: kuupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti ya goli kwa pointi 1, au kuuingiza tena kwa kukimbia au kwa pasi kwa pointi 2. Timu iliyokwama njiani inaweza kuupiga kwa mguu kati ya milingoti hiyo kwa pointi 3, na hiyo huitwa fildigoli. Anayeangushwa na mpira ndani ya eneo la goli lake mwenyewe huwapa wapinzani pointi 2 pamoja na mpira. Kila upande una wachezaji 11, jambo pekee ambalo halikunihitaji maelezo.

Dauni ya nne ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu, kwa kuwa hapo kocha hulazimika kuamua mbele ya watu wote. Timu ikiwa bado karibu na goli lake, kwa kawaida huamua kuupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma, maana kushindwa hapo ni kuwakabidhi mpira mlangoni pako. Ikiwa imesogea vya kutosha, hujaribu fildigoli. Nilishangaa mwanzoni kwamba mpira ukiwa kwenye mstari wa yadi 20 kutoka mstari wa goli la wapinzani, pigo huhesabiwa kuwa la yadi 37 hivi, mpaka nilipong'amua kwamba milingoti imesimama mwisho wa lile eneo la yadi 10, na kwamba mpira hurushwa nyuma yadi kama 7 kabla ya kupigwa. Na ikiwa imebaki yadi moja tu, kocha mwenye moyo huamua kuitafuta. Jukwaani nilikuwa nikidhani kelele za wakati huo ni za bure.

Kosa langu kubwa lilitokea katika mechi ya pili. Wenyeji walikuwa kwenye mstari wao wa yadi 30, dauni ya kwanza, na fimbo yangu ilikuwa usawa wa yadi 40. Kijana akakimbia na mpira yadi 12, nami kwa furaha nikaing'oa fimbo na kuanza kukimbia, nikimburuta na mwenzangu wa fimbo ya nyuma. Sikuwa nimekiona kitambaa cha njano ambacho mwamuzi hutupa uwanjani kuonyesha kosa: mshambuliaji mmoja alikuwa amemshika mlinzi kwa mikono pale pale kwenye mstari wa kuanzia. Mwamuzi wa pembeni, ambaye ndiye mkubwa wetu na ambaye tunahama kwa ishara yake tu, alituita turudi. Nilifadhaika, kwani sikujua tena nilipokuwa nimesimama. Hapo mzee wa kibanio akanionyesha kazi yake: kabla ya dauni ya kwanza alikuwa amekibana kibanio kwenye mnyororo, usawa kamili wa mstari uliochorwa uwanjani, na kwa hiyo tulirudisha kila kitu mahali pake bila kubahatisha.

Mpira ulirudishwa yadi 10 kwa adhabu, hadi kwenye mstari wa yadi 20, lakini fimbo yangu ilibaki yadi 40, na kibao kikaendelea kuonyesha namba 1. Mtangazaji akasema «dauni ya kwanza, yadi ishirini». Kwa miaka miwili nilikuwa nimejiuliza ishirini hiyo hutoka wapi ikiwa mnyororo ni wa kumi. Kumbe adhabu husogeza mpira, haisogezi fimbo.

Baadaye nilisoma asili ya mnyororo huu, nikaona haja yake. Mwaka 1881 vyuo vya Yale na Princeton vilicheza mechi ambayo kila timu ilikaa na mpira kipindi kizima bila kujali kwenda mbele, nayo ikaisha 0-0. Mwaka uliofuata, kwa juhudi za Walter Camp, mchezaji wa Yale aliyeshiriki kutunga kanuni za mchezo huu, ikawekwa kanuni ya kuitaka timu isogee yadi 5 katika majaribio matatu. Pasi ya kwenda mbele iliruhusiwa mwaka 1906, ambapo pia yadi ziliongezwa kuwa 10, na jaribio la nne likaongezwa mwaka 1912.

Kinachowachanganya wageni wengine ni kwamba kanuni hazifanani kila mahali. Shuleni robo moja ni dakika 12, kwa wachezaji wa kulipwa ni 15. Shuleni mguu mmoja ndani ya uwanja unatosha kuhalalisha mpira uliodakwa. Kwa wa kulipwa inatakiwa miwili. Saa nayo husimama pasi isipodakwa au mchezaji anapotoka nje, na ndiyo sababu dakika 48 huweza kula zaidi ya saa mbili.

Mshika mnyororo haruhusiwi kushangilia, na katika mechi ya mwisho ya msimu sharti hilo lilinielemea. Zilikuwa zimebaki dakika mbili, timu ya mwanangu ikiwa nyuma kwa pointi 4, dauni ya nne, imebaki yadi moja. Walisukumana, rundo la watu likaanguka, na mwamuzi akaomba kipimo. Tuliingia uwanjani na mnyororo, mzee akakiweka kibanio kwenye mstari wake, nami nikaivuta fimbo mpaka mnyororo ukakaza. Ncha ya mpira ilikuwa imepungua upana wa vidole vitatu. Mwanangu alikuwa amepiga goti hatua mbili kutoka nilipo, amevua kofia, akiitazama fimbo mkononi mwangu. «Baba,» akasema kwa sauti ya chini, «umeivuta sana?» Sikumjibu. Mwamuzi alinyoosha mkono kuelekea upande wa pili, nasi tukaugeuza mnyororo.