Fundo la Kanga

Jana mwanangu wa mwisho alimpapasa mjomba kichwani, akauliza, "Babu, mbona hapa pamebonyea?" Mjomba akacheka, akaendelea kubangua korosho. Mimi nikatoka nje.

Pamebonyea kwa sababu madaktari waliondoa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Hilo naweza kumweleza mtoto.

Mjomba alianguka na bodaboda njia ya Mikindani, bila helmeti. Asubuhi aliomba uji, jioni anakoroma haamki. Rufaa, gari la wagonjwa, Dar, zaidi ya kilomita 500. Daraja la Mkapa tulilivuka usiku wa manane. Daktari akampima fahamu: alama 9 kati ya 15. Miaka 68. Saa nyingi zimepita.

"Kuna dawa anatumia?"

"Hapana, daktari." Nilijibu mimi, maana mimi ndiye niliyesoma.

Karatasi ya ridhaa ilikuwa tayari mezani, kalamu nimeishika. Mkaza mjomba akaanza kufungua pindo la kanga yake. Fundo lilikuwa limekaza, akalilegeza kwa meno. Ikatoka noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne. Ufunguo wa sanduku. Kisha pakiti ya vidonge vidogo vyeupe, vimebaki viwili.

"Hivi si dawa, baba. Ni vya kulinda moyo tu. Anameza kila siku."

Aspirini. Daktari aliigeuza ile pakiti, hakunigombeza. Alisema damu yake itachelewa kuganda, na mwili huchukua kama wiki nzima kutengeneza chembe sahani mpya, zile zinazogandisha damu. Mjomba hakuwa na wiki. Akaomba damu zaidi iandaliwe, wakaingia.

Siku ya pili damu ilivuja tena kichwani, wakamrudisha chumba cha upasuaji. Ndipo kile kipande cha fuvu kikabaki nje. Ikafuata nimonia, kisha degedege.

Nilimuuliza daktari: ni vile vidonge, umri, au zile saa za njiani? Akasema vyote vinaongeza hatari, hawezi kunitengea kimoja. Angalijua tangu swali la kwanza, sijui kama ingebadilika kitu. Miaka minne naliwaza hilo.

Jana, kabla ya kurudi ndani, nilimwomba mkaza mjomba anifungulie pindo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya kifafa, na karatasi yenye majina ya dawa zote za mjomba, mwandiko wangu, wino umeanza kufifia. Nikaenda kutafuta kalamu.