Tumeng'oa nanga tena, Baba Salma na mimi

Tangu Baba Salma apate kiharusi, gari letu halikutoka uani. Majira ya joto yalikuja yakapita, majani ya mti wa jirani yakadondoka juu ya paa lake, sakitu ikavifunika vioo, nami nilipita kando yake kila alfajiri nikienda zamu hospitalini bila hata kulitia ufunguo. Ni gari-nyumba la kawaida: kitanda nyuma, jiko la plati mbili, friji ndogo, tangi la maji, choo chembamba. Tulilinunua watoto walipoanza kujitegemea, likatufikisha Wales, Cornwall na kwenye maziwa ya Cumbria. Kisha likasimama. Tulitoa taarifa kwamba halitumiki barabarani, kama sheria ya Uingereza inavyotaka, na maisha yetu yakahamia kwenye miadi: daktari, mazoezi ya viungo, tiba ya usemi, daktari tena.

Jana tuliondoka.

Wengi waliotutakia mema walinishauri niliuze. "Mama Salma, mgonjwa anataka utulivu." Nawaelewa, na walikuja na sufuria za chakula siku ambazo sikuwa na nguvu ya kusimama jikoni, kwa hiyo maneno yao siyachukulii vibaya. Lakini nimefanya kazi wodini muda mrefu, nimeona wanavyotendewa watu waliopata kiharusi. Wanabebwa kama vyombo vya udongo. Wanawekwa kwenye kiti karibu na dirisha, na kila swali wanaloulizwa hujibiwa na mtu mwingine. Nyumbani kwetu pia tulikuwa tunaingoja siku atakayorudi vile alivyokuwa, ndipo mambo yaendelee. Yeye ndiye aliyeacha kungoja. Jioni moja ya Machi alisimama, akashika fimbo yake, akaenda mpaka penye msumari tunapotundika funguo, akaushusha ule wa gari na kuniwekea kiganjani. Akasema neno moja: "Wewe."

Maana dereva alikuwa yeye siku zote. Hapa aliyepata kiharusi haruhusiwi kuendesha gari kwa mwezi mmoja wa kwanza, na akibaki na athari baada ya hapo, mamlaka ya leseni lazima ijulishwe. Kwake hapakuwa na la kujadili. Kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, kikamwachia mkono wa kulia mzito, maneno yanayokwama kooni, na macho yasiyoona nusu ya kulia ya kila anachokitazama. Hilo la macho ndilo watu hawalielewi. Jicho lenyewe ni zima, miwani haisaidii, ila upande ule kwake haupo. Chakula kilicho kulia mwa sahani anakiacha, si kwa kushiba.

Basi ikawa nijifunze gari ambalo nilikuwa abiria wake. Jambo la kwanza lilikuwa uzito. Waliofaulu mtihani wa udereva hapa kabla ya Januari 1997 kwa kawaida wanaruhusiwa magari mazito hadi kilo 7,500. Sisi tuliofaulu baadaye leseni yetu ya kawaida inaishia kilo 3,500. Gari letu limeandikiwa hizo hizo 3,500, lakini hizo ni pamoja na kila kitu kilichomo, na watu na maji na mafuta, na mwenye gari-nyumba hujaza vitu bila kujua. Nikalipeleka mizani, ile ya malori. Likazidi. Tukaanza kupunguza: turubai la mbele, viti vya ziada, sufuria kubwa ya pilau ambayo kwa watu wawili haina kazi, vitabu. Kiti chake cha kuogea na mkeka wa kusalia vikabaki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita mia likijaa ni sawa na kumpakia mtu mzima mnene. Siku hizi nasafiri na maji ya chai na ya udhu tu, mengine najaza tukifika.

Tairi zilinishangaza zaidi. Kwa macho zilikuwa nzuri, wala hazikuwa kipara. Fundi akainama, akanionyesha tarakimu nne zilizochongwa ubavuni: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa. Yetu yalikuwa mazee, na ukiukunjua mpira kwa kidole nyufa nyembamba zinaonekana. Gari likisimama mahali pamoja, uzito wote ukilalia sehemu ile ile ya tairi, jua likipiga, mpira huchoka bila kutembea hata maili moja. Tukabadilisha yote. Ukipanga kurudi barabarani baada ya mapumziko marefu na fedha yako haitoshi vyote, anza na tairi na breki. Pazia na mito vitasubiri.

Betri ya upande wa kuishi, ile inayowasha taa na pampu ya maji, ilikuwa imekufa. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu muda mrefu, salfeti huganda kwenye sahani zake na haipokei tena chaji kama zamani. Mabomba yalisalimika kwa sababu maji yote yalimwagwa kabla ya baridi ya kwanza. Kengele ya kunusa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ilikuwa imepita tarehe yake, nikaweka mpya. Mtungi wa gesi ni ule mwekundu wa propani, ambayo huendelea kutoka hata baridi ikiwa kali, wakati butani hugoma joto likikaribia sifuri. Chini ya kabati la gesi kuna tundu, na tundu hilo lisizibwe hata kama linaingiza upepo: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka, na njia yake ya kutokea ni hiyo.

Haya yote niliyafanya jioni baada ya zamu, Baba Salma akiwa amekaa kwenye kiti uani. Kila nilipofungua kifuniko alijua kinachofuata. Neno likigoma, alinyoosha mkono wa kushoto akanionyesha. Mara nyingi nilijua jibu tayari, lakini nilimwachia anionyeshe. Halikuwa igizo. Ni gari lake, na mikono yangu ilikuwa ikifuata kumbukumbu yake.

Sasa niseme la barabarani, ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika usiku huu.

Tulitoka Leeds saa tatu asubuhi, tukashika barabara kuu ya A1 kuelekea kaskazini. Gari refu kwenda juu hushikwa na upepo. Lori likikupita, kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta, na mikono lazima itulie. Lakini shida kubwa kwa dereva mpya wa gari pana ni upande wa kushoto, maana hapa, kama kwetu, usukani uko kulia, na kule kushoto kuna ukingo wa barabara, nguzo, vioo vya magari yaliyoegeshwa. Baba Salma anakaa kushoto. Upande anaouona ni kushoto. Tulipotoka barabara kubwa na kuingia njia nyembamba za vijijini nilisikia sauti yake: "Karibu." Nikasogea kulia kidogo. "Sawa." Kisha, "Ngoja," na kweli palikuwa na mwendesha baiskeli ambaye kioo changu kilikuwa hakijamwonyesha. Maneno hayo matatu anayo, hayamkwami. Tukaenda hivyo hivyo, mimi nikiona kulia, yeye akiona kushoto, na nikawaza kwamba katika safari zote tulizofanya yeye akiendesha, hakuwahi kunihitaji kiasi hiki, wala mimi sikuwahi kuangalia njia kwa makini kiasi hiki.

Kwa upande mwingine, mimi mwenyewe nimekaa mahali asipopaona. Akitaka kuniona lazima ageuze kichwa chote. Karibu na Gateshead kuna lile sanamu la chuma la malaika, kazi ya Antony Gormley ya mwaka 1998, kimo chake mita 20 na mabawa mita 54 kutoka ncha hadi ncha. Ukielekea kaskazini liko kulia. Nikamwambia, "Kulia, Baba Salma, geuka." Akageuka, akalipata, akaliangalia mpaka likapotea. Nimejifunza kusema "kulia" mapema, kabla kitu hakijapita.

Usiku tulilala kambini upande wa bara, Northumberland, jirani na bahari. Tukasali kwa kupunguza kama wasafiri, tukala mbaazi za nazi nilizopika nyumbani na chapati. Lengo lilikuwa kuvuka kwenda Lindisfarne, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa barabara ambayo maji huifunika mara mbili kila siku. Saa salama za kuvuka hutangazwa, na zimebandikwa kote barabara inapoanzia. Bado kila mwaka kuna wanaopuuza, gari likazama na boti ya uokoaji ya Seahouses ikaitwa. Katikati ya njia kuna kibanda cheupe juu ya miguu mirefu, kimejengwa kwa ajili ya waliokamatwa na maji.

Nilimpa Baba Salma karatasi ya saa za maji. Yeye ni mtoto wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Baba yake alikuwa mvuvi wa madema, na mama zake walifuata pweza miambani maji yakipwa. Aliishika ile karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisogeza upande anaouona. Kisha akatazama nje, mwezi ulikuwa umetimia juzi yake. Akasema polepole, kila neno likija peke yake: "Bamvua. Yatajaa sana. Yatakupwa sana. Twende alfajiri. Tutoke mapema."

Sijamsikia akipanga maneno mengi namna hiyo tangu augue. Kwenye tiba ya usemi wanamwonyesha picha za kikombe, kiti, mbwa, kwa Kiingereza, na anajitahidi, na wale wataalamu nawashukuru kwa subira yao. Lakini hakuna aliyemwonyesha bahari akamwuliza inafanya nini. Nimeandika hilo kwenye daftari lake la matibabu. Nitalizungumza nao tukirudi, maana yumkini ndani ya Kiswahili chake cha pwani kuna mengi yaliyo hai ambayo hatujayagonga mlango.

Tulifuata alivyosema. Alfajiri barabara ilikuwa nyeupe kwa mchanga na majani ya bahari, pande zote mbili tope linang'aa, na mstari wa nguzo ndefu unaoonyesha njia ya zamani ya mahujaji wanaovuka kwa miguu. Mtawa Aidan alifika hapa mwaka 635 kutoka kisiwa cha Iona kwa mwaliko wa mfalme Oswald, akaanzisha nyumba ya watawa. Mwaka 793 Waviking wakaivamia. Magofu yanayoonekana leo ni ya baadaye, ya mawe mekundu yaliyoliwa na upepo. Tulitembea hatua zake, yaani taratibu sana, tukipumzika kila ukuta unaokalika. Kutoka kwenye mafungu ya mchanga tulisikia sauti ndefu za kuomboleza nikadhani ni watu. Walikuwa sili, mamia kwa mamia wamelala juani. Baba Salma alikaa akawasikiliza mpaka chai ya chupa ikaisha.

Saa nne akagonga goti lake kwa kidole: tuondoke. Ilikuwa bado kuna muda kwa mujibu wa karatasi, lakini sikubishana na Kigombe. Tulipofika bara tuligeuza gari, tukaegesha juu ya kilima kidogo, tukangoja. Adhuhuri maji yalikuja, kwanza michirizi, kisha shuka zima, na barabara tuliyopita ikawa bahari. Salma akapiga simu wakati huo huo. Nikamwekea baba yake simu sikioni, akamwambia mwanawe: "Maji yamejaa. Mama yako anaendesha vizuri." Salma alinyamaza muda, kisha akaomba arudie, naye akarudia.

Kesho tunapita Berwick-upon-Tweed na kuingia Scotland. Baba Salma anataka kuliona daraja la reli la Forth, lile jekundu la chuma lililofunguliwa mwaka 1890. Ukilipita kwa gari kwenda kaskazini liko kulia, hataliona. Kwa hiyo hatuvuki. Tutaishia South Queensferry, na nimeshaangalia ramani nijue niegeshe nikielekea wapi ili daraja lote liwe kushoto kwake.